Unalala Wapi, Mzee Custódio?

Kwa nyinyi mlionunua gazeti leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa kifupi, maana kwa kirefu nimechoka.

Mimi ni Custódio Viegas, mwenye miaka sabini na minne, fundi mstaafu wa mashine za kufunga makopo ya samaki, mzaliwa wa Vila Real upande wa Ureno. Shule ya mchana niliiacha nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ya usiku niliimaliza nikiwa na thelathini na mitatu, na katika hesabu nilipata kumi na nane kwa ishirini. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kwa hesabu hizo nilijifunza poka ya mtandaoni, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha. Na kwa poka hiyo, Jumapili moja ya Novemba mwaka jana, niliwashinda watu elfu tatu na mia moja wa nchi tatu, nikapata yuro elfu hamsini na nane na mia tatu.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi fedha zilivyotoka. Kampuni ya mchezo hailipi ila kwenye akaunti yenye jina lako, basi zikaingia benki yangu ya Ureno. Kwetu Ureno kampuni ndiyo inayokatwa kodi, na mchezaji anabeba chake kizima. Nikazivusha mto wa mpakani, nikazipeleka benki ya Ayamonte, upande wa Hispania, ninakoishi na Angustias.

Benki ikauliza zimetoka wapi. Mtu mwingine angejibu mstari mmoja. Mimi niliandika kurasa tatu, kwa mwandiko wa kupendeza, na juu kabisa nikaweka anwani ya nyumba ya Angustias.

Basi benki ikazifunga fedha, na barua ya kodi ikaja kwa anwani hiyohiyo.

Angustias ndiye aliyeipokea kwa tarishi. Aliisoma amesimama mlangoni, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Wanauliza unakaa wapi," akasema.

"Nani?"

"Serikali. Waambie unakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, na huinuki hata vyombo vikikuita kwa jina."

Nilicheka. Sikucheka tena wiki ile.

Barua ilikuwa na lugha safi, isiyo na matusi wala upendo. Anayekaa Hispania zaidi ya siku mia moja themanini na tatu kwa mwaka ni mtu wa Hispania, na alichoshinda popote duniani kinatozwa kodi Hispania. Na huku anayelipa si kampuni, ni mchezaji. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Elfu ishirini, pengine na mia kadhaa juu yake.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa hasara tu. Kwetu ilikuwa nyumba.

Nyumba ya Angustias si yake peke yake. Baba yao aliwaachia watatu, yeye na kaka zake wawili, na kaka hao wamechoka kungoja. Wamempata tajiri wa Sevilla anayetaka kuigeuza vyumba vya watalii. Kwa sababu ni damu moja, walimpa dada yao nafasi ya kwanza: alete elfu hamsini na mbili kwa mthibitishaji wa mikataba, Alhamisi saa nne asubuhi, au Ijumaa wanamuuzia wa Sevilla.

Elfu hamsini na nane zinatosha. Elfu thelathini na nane hazitoshi. Hesabu hiyo haihitaji shule ya usiku.

Nikaenda kwa Eladio.

Kila mji wa Hispania una Eladio wake. Si wakili, si karani wa serikali, lakini bila yeye huwezi kuuza hata baiskeli. Anakaa nyuma ya meza iliyojaa mafaili, anavuta sigara isiyowashwa kwa sababu daktari alimkataza kuiwasha.

"Nyumba ya Ureno unayo bado?" akaniuliza.

"Ninayo. Ina kitanda, jokofu na picha ya mama yangu."

"Umeme unalipa?"

"Kila mwezi, hata kama hauwashwi."

"Mzee, hayo maneno ya mwisho yameze. Umeme unalipa?"

"Nalipa."

"Vizuri. Na hiyo poka ulikuwa unachezea wapi?"

"Juu ya paa la Angustias."

Aliinuka akafunga mlango.

Hapa lazima niungame jambo ambalo watu wa mto wetu wanalijua na wengine hawalijui. Akaunti ya poka iliyofunguliwa Ureno hukubali kuchezwa ukiwa Ureno tu. Ukivuka, inakufukuza. Lakini simu yangu ya Ureno, nikipanda nayo paa la Angustias, hukamata mnara wa kwetu ng'ambo ya maji, na saa yake inarudi nyuma saa moja yenyewe, kwa kuwa Ureno wako nyuma kwa saa moja. Nilikuwa nakaa kati ya shuka zilizoanikwa, kompyuta mapajani, mwili Hispania na mchezo Ureno. Siku nyingi za mwaka jana, mvua isiponyesha.

Eladio alisikiliza, kisha akaniomba nimwoneshe kumbukumbu za kampuni. Nilikuwa nazo, nimezichapa na kuzipanga kwa tarehe.

Alizihesabu kwa kidole. Midomo yake ikaanza kutabasamu kabla hajamaliza.

"Mzee Custódio. Una karatasi ya kampuni inayosema kwamba siku mia mbili na kumi na moja ulikuwa Ureno."

"Lakini si kweli."

"Nani amekuuliza kweli? Wamekuuliza siku."

"Eladio, mimi si mwongo."

"Najua. Ndiyo maana umeingia matatani. Waongo huwa wanakuja kwangu mapema." Akageuza karatasi nyingine. "Kuna kikwazo kimoja tu. Baraza la mji limekuandika mkazi wa nyumba ya Angustias. Kwa nini ulijiandikisha?"

"Kwa ajili ya klabu ya wazee. Mkazi analipa nusu nauli katika ziara. Tulikwenda Granada."

"Basi utakiri kwamba ulidanganya baraza ili upate nusu nauli."

"Sikudanganya! Nilikuwa ninaishi pale!"

"Kuanzia sasa hukuwa unaishi."

Maisha yangu yote sijaiba hata msumari kiwandani, na wenzangu walikuwa wanatoka na makopo ndani ya soksi. Sasa nilitakiwa kukiri wizi mdogo nisioufanya ili nifiche uongo mkubwa ninaoufanya.

"Na bibi mwenyewe atatia sahihi," Eladio akaendelea, akianza kuandika kwa vidole viwili. "Hiyo ndiyo itakayofunga jalada."

Aliniandikia haya: Mimi, Angustias Barroso, mjane, natamka kwamba Bwana Custódio Viegas hakuishi nyumbani kwangu mwaka uliopita, bali alinitembelea siku za Jumapili kama mgeni.

"Kwa nini Jumapili?" nikauliza.

"Jumapili ni hamsini na mbili. Idadi safi, haimdhuru mtu. Jumapili kila mtu ana mgeni."

Nilimlipa. Nilikunja karatasi mara mbili, kisha nikaikunjua, kwa sababu karatasi rasmi haikunjwi.

Angustias alikuwa jikoni anapika dengu na mchicha. Niliketi, nikamweleza kwa utaratibu kama mwalimu wangu wa usiku alivyokuwa anatueleza. Upande huu ukweli, upande huu karatasi. Ukweli unatoa elfu thelathini na nane. Karatasi inatoa elfu hamsini na nane. Kaka zako wanataka elfu hamsini na mbili.

Alifuta mikono. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Hapa hapasemi chochote kuhusu nyumba," akasema.

"Nyumba ndiyo sababu."

"Sababu haikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba mwaka jana sikuwa na mtu."

"Mama, usiichukulie hivyo."

"Nilipotolewa nyongo, nani alilala hospitalini kwenye kiti cha plastiki?"

"Mimi."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Jumapili tisa?"

Dengu zilikuwa zinachemka, mfuniko unagonga.

"Ni karatasi tu, Angustias."

Hapo ndipo aliponitazama. Ana macho ya kahawia, hayana ukali hata akiwa na hasira, na hilo ndilo baya lake.

"Mreno," akasema, "wewe uliyesoma usiku miaka minne, umechoka, mikono inanuka mafuta ya samaki, ili watu wa karatasi wasikudharau. Wewe leo unaniambia ni karatasi tu?"

Ningekuwa na akili ningeichana palepale. Lakini nilikuwa na hesabu, na mtu mwenye hesabu sahihi haoni kitu kingine.

"Bila hiyo unatoka humu ndani," nikasema. "Wa Sevilla atavunja jiko hili aweke bafu."

Alisogeza sufuria kando ya moto.

"Nisomee kwa sauti."

"Umeshaisoma."

"Nataka kuisikia kwa mdomo wako, kisha nitatia sahihi."

Nikasoma. Nina sauti nzuri ya kusoma, hata padri amewahi kuniomba nisome kanisani. Nilipofika kwenye neno "mgeni" sauti haikutikisika. Najivunia mambo mengi maishani, hilo si mojawapo.

Alitia sahihi, akapanda paa kuanua nguo. Mimi nilikula dengu peke yangu, nikajiambia kwamba nimeshinda mchezo mwingine.

Jumanne tulipanda basi la asubuhi kwenda mji mkuu wa jimbo, kwenye ofisi ya kodi. Angustias alikuwa amevaa koti lake la misibani.

Katikati ya safari, akitazama nje kwenye mashamba ya stroberi, akauliza:

"Ile nyumba yako. Umeme unaulipa wa nini?"

"Jokofu likizimwa linaoza."

"Halina kitu ndani."

"Mpira wa mlango. Mpira ndio unaooza."

"Miaka sita, Custódio. Miaka sita unalipia ubaridi wa jokofu tupu. Ungeiuza mwaka ule kaka zangu walipoanza maneno, tusingekuwa kwenye basi hili. Usingehitaji hata hiyo karata yako."

Ndugu msomaji, hili ndilo ungamo la wiki hii. Yaliyotangulia ni makaratasi.

Nyumba ile sikuiuza kwa sababu nilitaka niwe na mlango wa nyuma. Nilimpenda Angustias tangu siku ya kwanza aliponicheka kwenye foleni ya duka la dawa. Lakini nilishawahi kuachwa na mwanamke, nikabaki na begi moja, nikiwa na miaka arobaini, na nikaapa kwamba hakuna mlango utakaofungwa nyuma yangu tena bila mimi kuwa na mwingine wa kufungua. Kila mwezi nikilipa umeme ule nilikuwa nalipia kiapo hicho.

Nikamjibu, "Tutaongea tukirudi."

"Tutaongea," akasema.

Ofisa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Bi. Yolanda, mwenye mafua. Alikuwa na boksi la karatasi laini pembeni na jalada langu mbele, na katika jalada ile barua yangu ya kurasa tatu.

"Umeandika vizuri sana, Bwana Viegas," akasema.

"Asante."

"Wengi hawaweki hata nukta." Akapenga kamasi. "Umeandika anwani ya Ayamonte. Na umeandikishwa mkazi huko. Nieleze."

Nikameza mate.

"Nilijiandikisha kwa ajili ya klabu ya wazee. Nusu nauli."

"Kwa hiyo ulidanganya baraza la mji?"

"Ndiyo."

"Ziara ya wapi?"

"Granada."

"Uliokoa kiasi gani?"

"Yuro kumi na tisa."

Alinitazama juu ya miwani. "Angalau ulifurahi?"

"Mvua ilinyesha siku mbili."

Nadhani alitaka kucheka, mafua yakamzuia. Akachukua kumbukumbu za kampuni, akazipitia ukurasa kwa ukurasa. Siku mia mbili na kumi na moja, zote Ureno. Akachukua risiti za umeme. Akachukua karatasi ya Angustias, akaiweka juu ya nyingine.

"Sikiliza, mzee. Siku peke yake hazinitoshi. Una kitanda pande zote mbili za mto, na mkataba wa nchi zetu mbili unasema ikiwa hivyo nitafute kitovu cha maisha ya mtu. Watu wake, shughuli zake, moyo wake uko wapi."

"Mkataba unasema moyo?"

"Hausemi. Hilo nimeongeza mimi." Akashika kalamu. "Kwa hiyo nakuuliza. Kitovu cha maisha yako kiko wapi?"

Katika poka kuna wakati unaweka fedha zako zote mbele na karata zako ni mbovu. Uso unatakiwa ukae vilevile. Nimejifunza hilo kwa miaka, nimelifanya mbele ya Wafaransa na Wahispania wasioniona, na halijawahi kunishinda.

"Ureno," nikasema.

Sikugeuka kumtazama aliyekaa kushoto kwangu.

Bi. Yolanda akaandika. Kisha akamgeukia yeye.

"Bibi Angustias Barroso. Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Mimi? Nani wa kunilazimisha?"

"Na maneno haya ni ya kweli? Alikuwa mgeni tu?"

Saa ya ukutani ilikuwa ya umeme, haikuwa na mlio. Ningependa ingekuwa na mlio.

"Ni ya kweli," akasema Angustias. "Mwaka mzima alikuwa mgeni. Mimi ndiye sikujua mpaka juzi."

Kalamu ya Bi. Yolanda ilisimama. Alimtazama Angustias, akanitazama mimi, akarudi kwa Angustias. Kwa muda ule nilijua kwamba anajua.

"Hilo la kutokujua," akasema polepole, "sina kisanduku chake kwenye fomu."

"Basi liache," akasema Angustias.

Aligonga mhuri. Akasema kesho mchana, kabla ya saa nane, angetuma jalada kwa wakubwa zake, na baada ya hapo halirudi. Akanipa nakala ya kupeleka benki. Akamtakia Angustias siku njema. Mimi hakunitakia.

Nje ukumbini niliinua ile nakala juu kwa furaha, au nilidhani ni furaha.

"Tumeshinda, mama! Benki itafungua leo hii. Alhamisi saa nne tunakwenda kwa mthibitishaji, tunatia sahihi, na kaka zako waende zao na tajiri wao!"

"Kuna basi la saa saba," akasema. "Twende."

Ndani ya basi alikaa karibu na mwanamke mmoja mwenye kuku wa kuchoma kwenye mfuko, wakaongea habari za miguu kuuma mpaka tukafika Ayamonte. Mimi nilikaa nyuma na mhuri wangu.

Mimi nilipita benki, yeye akatangulia nyumbani. Benki walipokea nakala, wakaniita Don Custódio, kwa heshima ya Kihispania, kwa mara ya kwanza. Fedha zilifunguliwa. Zote. Nilinunua keki ya mlozi anayoipenda, nikaenda nayo, nimeishika kwa kamba.

Begi langu lilikuwa kizingitini. Pembeni yake kulikuwa na boksi la madaftari yangu ya poka, limefungwa kwa kamba ya nguo, vizuri kabisa, fundo la mtu asiye na haraka. Nikaelewa kwamba lilikuwa limefungwa asubuhi kabla hatujaondoka.

Alikuwa amesimama mlangoni, bado na koti lake.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Wewe ni mgeni wa Jumapili."

"Angustias."

"Nimetamka mbele ya serikali, nimetia sahihi, mhuri umegongwa. Mimi ni mwanamke wa sheria. Unataka nikafungwe kwa miaka yangu hii, kisa nimemlaza Mreno siku ya Jumanne?"

"Usifanye mzaha."

"Si mzaha. Wewe ulinifundisha kwamba ni karatasi tu. Mimi ninakufundisha kwamba si karatasi tu."

Jirani wa ng'ambo, Bi. Encarna, alifungua dirisha akajifanya anamwagilia maua yasiyokuwepo.

Nikashusha sauti. "Na Alhamisi? Fedha zimefunguliwa. Zinatosha! Bila sahihi yako kaka zako hawaniuzii mimi. Ijumaa wanampa wa Sevilla."

"Wampe."

"Utatoka humu! Ulizaliwa humu!"

"Nikitoka, nitakuwa nimetoka kwangu. Lakini nikikaa kwa fedha zile, nitakuwa nakaa kwa mgeni. Kila nikipika nitajiuliza mwenye nyumba anakuja Jumapili gani." Akanyoosha mkono, akachukua keki, kwa sababu ni mwanamke asiyeacha kitu kizuri kiharibike. "Ulimwambia yule binti Ureno. Hukumeza hata mate."

"Ilikuwa kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana ninakuonesha njia na sikupigii kelele." Sauti yake ikapungua. "Ofisi ile kesho iko wazi mpaka saa nane mchana. Ukienda ukamwambia yule binti unalala wapi, watakukata elfu ishirini zao, na kaka zangu watakuwa hawajatimiziwa. Lakini kaka yangu Leandro ana masikio. Akimwona mtu ametoa thelathini na nane mezani, na ametundika kibao cha 'inauzwa' kwenye ile nyumba ya jokofu, pengine atangoja. Pengine hatangoja. Sijui."

"Pengine," nikasema.

"Au panda boti, nenda kwenu. Na kwenu ni kuzuri. Mimi sitakuwekea kinyongo. Jumapili nitapika."

Akaingia. Alifunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Mlango uliobamizwa mtu anaweza kuugonga.

Bi. Encarna akasema kutoka dirishani, "Mzee Custódio, unataka nikusaidie boksi?"

"Mwagilia maua yako, mama."

Nikabeba begi kwa mkono mmoja na boksi kwapani. Mguu wangu wa kulia una ugonjwa wa mifupa, na kutoka kwa Angustias hadi gatini ni mteremko wa dakika kumi. Nilitumia ishirini na tano. Mfukoni nilikuwa na nakala ya mhuri, na katika simu ujumbe wa benki: salio lako, Don Custódio. Sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa kwenye mteremko ule, na sijawahi kupumzika mara nyingi hivyo.

Gatini boti ya mwisho ilikuwa imewasha injini. Magari mawili yalikuwa yameshaingia, na wanandoa wa Kijerumani na baiskeli zao. Ng'ambo ya mto nililiona paa la nyumba yangu. Nilijua kitanda kiko wapi, nilijua taa ya jikoni inachelewa kuwaka, nilijua jokofu linaunguruma peke yake. Nikitua pale ningekuwa nimetimiza kila neno la ile karatasi. Uongo wangu wote ungekuwa kweli, na hakuna serikali ya duniani ingenidai hata senti.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa imekamata mnara wa kwetu. Saa ikarudi nyuma saa moja.

Mkata tiketi alikuwa kijana wa Castro Marim kwetu Ureno, Zeferino, ninayemjua tangu baba yake. Alitazama begi, akatazama boksi, hakuuliza.

"Mzee, unapanda au hupandi?"

Nikamwomba anipe dakika moja.

"Moja ninayo," akasema, akianza kufungua kamba. "Mbili sina."